Prodyusa Ana Haki ya Kukuuliza Nini Ukiwa Mgonjwa?

Tuseme uko kisiwani Rusinga, umeigiza tangu mashindano ya drama ya shule, na sasa kuna watu wanatafuta waigizaji wa filamu itakayopigwa kando ya Ziwa Victoria, karibu na kaburi la mwanasiasa Tom Mboya. Tuseme pia daktari ameshakueleza bila kuzungukazunguka kwamba ugonjwa wako hauponi, na dawa unazopewa ni za kupunguza maumivu na kusogeza siku. Nafasi ile bado unaitaka. Je, ni lazima uwaambie?

Si lazima. Lakini kuna mambo ambayo prodyusa anaruhusiwa kujua, na ukiyachanganya na yale asiyoruhusiwa utaumia wewe.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja hali ya afya waziwazi miongoni mwa sababu ambazo mtu hawezi kubaguliwa kwazo, na kinamfunga mtu binafsi na kampuni kama kinavyoifunga serikali. Sheria ya Ajira ya 2007 ni finyu zaidi. Kifungu chake cha 5 kinataja ulemavu, hali ya akili na virusi vya Ukimwi, lakini hakitaji saratani, selimundu wala figo. Wakili wa upande wa pili atakuonyesha orodha hiyo na kukwambia ugonjwa wako haumo. Mrudishe kwenye Katiba. Kama ni saratani, mwonyeshe pia Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya 2012, ambayo inakataza ubaguzi dhidi ya wagonjwa hao. Kifungu hichohicho cha 5 kinamlinda anayetafuta kazi, si aliyeajiriwa tu, na kesi ikifika mahakamani ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha kwamba hakubagua.

Hata hivyo, sheria imemwachia prodyusa mlango mmoja, nao ni wa haki. Anaweza kumwacha mtu asiyeweza kufanya jambo ambalo kazi yenyewe haiwezekani bila hilo. Kama mhusika anavuta nyavu kwa siku nne ndani ya maji, anaruhusiwa kukuuliza kama utaweza kuvuta nyavu kwa siku nne ndani ya maji. Anaweza kuuliza kama utasafiri, kama utakesha, kama utakuwepo hadi tarehe fulani. Lakini huna wajibu wa kumwambia una ugonjwa gani, unameza nini, au umebakisha muda gani. Akiuliza, jibu la heshima lipo: "Niambie kazi yenyewe ikoje, nami nitakwambia kama nitaiweza." Na ujibu kwa ukweli. Kunyamaza kuhusu ugonjwa ni haki yako. Kuahidi siku 30 za kupiga picha huku ukijua unalazwa katikati yake ni jambo jingine, na unaweza kudaiwa hasara.

Bima inahitaji uangalifu wa pekee. Filamu kubwa, hasa za kigeni, huwakatia bima waigizaji wakuu, na kampuni ya bima humtuma daktari awapime kwanza. Unaweza kukataa kupimwa, nayo bima inaweza kukataa kukubeba. Kwenye fomu ya bima usidanganye hata kidogo, kwa sababu jibu la uongo linaweza kuufuta ulinzi wote na lawama ikaangukia kwako. Unachoweza kudai, tena kwa maandishi, ni kwamba daktari ampelekee prodyusa neno moja tu, anafaa au hafai, bila jina la ugonjwa.

Kukosa bima hakujawahi kuwa mwisho wa kila kitu, hata Hollywood. Spencer Tracy alipoigiza filamu ya Guess Who's Coming to Dinner hakuna bima iliyomtaka, kwa hivyo mwongozaji Stanley Kramer na mwigizaji mwenzake Katharine Hepburn waliweka malipo yao wenyewe kama dhamana. Tracy alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza sehemu yake. Mwongozaji Robert Altman, akiwa mzee na mgonjwa, alikubaliwa kupiga filamu yake ya mwisho kwa sharti kwamba Paul Thomas Anderson akae pembeni, tayari kuendeleza kazi. Naye Chadwick Boseman, ambaye wengi wetu tulimwona na Lupita Nyong'o katika Black Panther, aligunduliwa na saratani ya utumbo mwaka 2016, akaendelea kufanya kazi bila kuitangazia dunia hadi alipofariki Agosti 2020. Prodyusa akikwambia "hatuwezi, bima haitakubali", muulize kama amefikiria kupiga sehemu zako mwanzoni. Mara nyingi ni suala la ratiba tu.

Virusi vya Ukimwi vina sheria yake, ya mwaka 2006, na Homa Bay, kaunti ya Rusinga, ina sababu ya kuijua kuliko kaunti nyingi. Kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi ni kosa. Mwaka 2013 mahakama ya kazi ilimpa mfanyakazi wa chuo kikuu kimoja cha binafsi Nairobi karibu shilingi milioni 7 baada ya kuona kwamba alibaguliwa kwa sababu ya hali yake. Malalamiko ya namna hii yana baraza lake maalumu, Baraza la HIV na Ukimwi.

Sasa tuseme siri imeshavuja. Kisiwa ni kidogo. Mtu akionekana mara mbili kwenye foleni ya kliniki, jina la ugonjwa linavuka daraja hadi mji wa Mbita kabla yake. Uvumi wa jirani ni vigumu kuushtaki, lakini mhudumu wa afya aliyetoa habari zako amevunja Sheria ya Afya ya 2017, na kampuni iliyozihifadhi au kuzisambaza bila idhini yako inajibu kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa kuyaamua ndani ya siku 90. Ofisi hiyo si ya maonyesho. Septemba 2023 iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja.

Ndiyo maana nakusihi usome mkataba kwa jicho la makini. Ugonjwa wako ni habari inayouza tiketi, na kuna watu watakaotaka kukuuza wewe badala ya filamu. Wengi tuliguswa na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, kuhusu mtoto mgonjwa ambaye kijiji kizima kinamtengenezea filamu. Lakini yule ni mhusika wa kubuni. Ukiwa ni wewe, idhini ya kuigiza si idhini ya kutangaza hali yako. Andikisha sentensi kwamba hakuna tangazo, bango wala mahojiano yatakayotaja afya yako bila saini yako. Halafu tafuta kile kipengele kinachosema umetoa haki zote "milele na kote ulimwenguni". Usikiogope, lakini kisikupite bila bei. Sheria ya Hakimiliki inamlinda mwigizaji kwa miaka 50 tangu uigizaji uliponaswa, na kifungu cha 30A kinazungumzia malipo ya haki filamu inapotumika hadharani. Kuhamisha haki hakufai kitu kama hakukuandikwa. Uliza Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni chama kipi cha kukusanya mirabaha kina leseni mwaka huu, ujisajili ukiwa bado na nguvu za kupanga foleni.

Kabla ya hayo yote, omba kuona leseni ya kupiga filamu, kwa kuwa sheria ya filamu ya Kenya inaihitaji. Anayekutoza "ada ya usajili" ili akuone ukiigiza ni tapeli. Na anayetaka mwili wako ndipo akupe nafasi anatenda unyanyasaji wa kingono. Watu wa ziwa tunaijua vizuri mno jaboya, ile biashara ya ngono kwa samaki, hata hatuwezi kukosa kuitambua inapokuja na kamera.

Malipo yakikwama, njia inategemea ulivyoajiriwa. Ukiwa mwigizaji wa kujitegemea na deni halizidi shilingi milioni 1, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, muda ambao kwako si jambo dogo. Ukiwa mwajiriwa ni mahakama ya kazi, au hakimu aliyepewa mamlaka hayo kama mshahara hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwajiriwa aliyemaliza miezi miwili mfululizo ana likizo ya ugonjwa ya siku saba kwa malipo kamili na saba kwa nusu. Ukikosa pesa za wakili, ulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Na ukifariki kesi ikiendelea? Haifi nawe. Isipokuwa madai ya kuharibiwa jina, msimamizi wa mali yako anaendeleza ulichoanza, na mirabaha inayokuja baadaye ni mali ya kurithiwa. Hapa watu wengi wa kwetu hukosea kwa kutegemea wasia wa mdomo. Sheria ya Urithi inaukubali mbele ya mashahidi wawili, lakini unafanya kazi tu kama aliyeutoa amefariki ndani ya miezi mitatu. Mgonjwa aliyeusema Januari akaishi hadi Juni hajaacha wasia wowote. Uandike basi, utie saini mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote, kwa maana shahidi anayerithi anaweza kupoteza fungu lake. Taja filamu kwa jina, taja mkataba kwa tarehe, na sema mirabaha iende kwa nani. Kama una mtoto, hapohapo mteue mlezi wake. Sheria ya Watoto ya 2022 inakuruhusu. Nakala moja ibaki kwa mtu ambaye hamgombanii mali.