Mtoto amemshukuru Mungu kwa simba, baba akamchapa

Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Buswelu, Mwanza. Mume wangu ni katibu wa jumuiya yetu na ni mtu wa sala kwelikweli. Kila usiku tukimaliza kula anawasimamisha watoto, kila mmoja ataje mambo matatu anayomshukuru Mungu, na la kwanza lazima liwe ada ya shule. Akikasirika huwaambia, "Bila mimi mngekuwa mnaokota chupa mtaani."

Hivi karibuni jumuiya ilisali kwetu. Binti yetu wa pili, mwenye miaka 7, akaomba naye asali. Akamshukuru Mungu kwa simba anayelala chini ya kitanda chake, na kwa bibi yake, yaani marehemu mama yangu, ambaye sasa anamkaangia Yesu dagaa. Watu walicheka sana. Wageni walipoondoka mume wangu alimchapa, akasema amemwaibisha na kwamba kumdanganya Mungu ni dhambi. Akalichana na daftari lake la michoro. Tangu siku hiyo mtoto akiambiwa asali anakariri Baba Yetu harakaharaka, basi. Na ni mtoto ambaye tangu tuhamie nyumba hii anaogopa giza. Nataka wanangu wawe na shukrani na imani. Je, ni mume wangu aliyekosea, au mimi ndiye ninayemdekeza mtoto?

Mama wa Watatu, Mwanza

Mwanangu, humdekezi. Mume wako amekosea, tena amekosea pale ambapo mtoto alikuwa amesali vizuri kuliko watu wazima wote waliokuwa sebuleni kwako.

Umeandika kwa kupita tu kwamba binti yako anaogopa giza. Mimi nilipofika hapo nilisimama. Huenda kwenye mafundisho ya watoto amesikia habari za Danieli, aliyelala usiku kucha tunduni na simba wasimguse. Kama ni hivyo, basi amemtoa simba mmoja tunduni akamweka chini ya kitanda chake amlinde. Hajasema uongo. Amelichukua neno alilofundishwa kanisani akaliingiza chumbani mwake, palepale penye hofu yake. Watu wazima tunahubiriwa miaka na miaka na bado hatufiki hapo.

Na bibi yake je? Mwambie mume wako afungue Injili ya Yohana, sura ya 21. Atamkuta Yesu mfufuka yuko ufukweni asubuhi, amewasha moto wa makaa na kuweka samaki juu yake, anawaita wanafunzi wake waje wale. Mtoto wa Mwanza aliyefiwa na bibi yake akimwona bibi huyo jikoni pamoja na Yesu, na samaki kwenye kikaango, kuna cha kucheka hapo? Mimi nilitokwa na machozi.

Tofauti ya uongo na hadithi si ngumu kuiona. Mwongo anaficha jambo ili apate kitu au akwepe fimbo. Mwenye hadithi anakualika uingie. Watoto wetu wanalijua hilo mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto anayeitikia "Pakawa" anajua kabisa kwamba ameingia mahali pa hadithi, na anajua pa kutokea. Ukiwa na shaka, muulize kwa upole, "Hili limetokea au ni hadithi?" Atakujibu. Nabii Nathani alipotaka kumwonyesha mfalme Daudi dhambi yake, alimsimulia habari za maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Maskini huyo hakuwa mtu wa kutafutwa mtaani, lakini Daudi alijiona humo akatubu. Na Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano.

Sasa niguse shukrani, maana naona mume wako anaitaka kwa moyo wote lakini anaiharibu kwa mkono wake mwenyewe. Anapowaambia watoto kwamba bila yeye wangekuwa mtaani, hawafundishi kushukuru, anawadai. Mtoto anayedaiwa atalipa kwa maneno, atayataja mambo yake matatu, akikua atahesabu amelipa deni na atakwenda zake. Wale wakoma kumi wa Luka 17 waliponywa wote, akarudi mmoja tu, tena Msamaria. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi, na swali lake lina uchungu. Lakini hakuwarudishia ukoma. Yule mmoja alirudi kwa sababu njiani alitazama akaona amepona. Kwanza aliona, ndipo akashukuru.

Kwa hiyo wasaidie watoto waone, na hapo ndipo akili ya binti yako ya kutunga picha inapohitajika. Chukua dagaa mliyonayo mezani. Zima televisheni, uliza, "Nani alikesha ili sisi tule?" Wasimulie kwamba wavuvi huingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa zao haziwavuti dagaa na wengi wao hupumzika. Wasimulie habari za taa zinazoelea juu ya maji, baridi ya alfajiri, na kina mama wanaopokea mzigo na kuuanika huku wakitazama mawingu, maana mvua ikinyesha mzigo unaharibika. Kisha mwache mtoto aendelee mwenyewe: mvuvi yule ana watoto? Wanamngoja nani awafungulie mlango? Baada ya hapo mwambie asali. Hutahitaji kumhesabia mambo matatu. Na huyo anayeogopa giza atakuwa amejua kwamba chakula chake kinatoka gizani, ambako kuna watu na taa na Mungu.

Mruhusu pia asishukuru siku ambazo moyo wake hauna shukrani. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu, na Kanisa linazisali hadi leo. Mtoto aliyefiwa ana haki ya kumwambia Mungu, "Nimemkumbuka bibi na nimekasirika."

Mume wako akikuambia mambo haya ni ya kitoto, mkumbushe pango linalotengenezwa parokiani kila Krismasi. Mwaka 1223, kule Greccio, Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho jinsi Mtoto Yesu alivyozaliwa katika umaskini. Halafu Jumapili moja wapelekeni watoto Bujora, pale Kisesa, si mbali na kwenu. Kanisa lile lilijengwa wakati wa Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kwa umbo la nyumba ya jadi ya Kisukuma, na alama za utemi zikaingizwa humo kumheshimu Kristo. Alikuwepo mtu aliyethubutu kumwona Kristo kama mtemi, na watu wakasali humo. Mwacheni binti achore anachokiona, na mnunulie daftari jipya kesho, usingoje mwisho wa mwezi.

Kuhusu mume wako, usimkabili mbele ya watoto. Tafuta saa ambayo ametulia, mwambie, "Baba, mtoto wetu ameacha kuongea na Mungu, anakariri tu." Nadhani hilo litamuuma, kwa sababu ni mtu wa sala. Asipokusikia, mwombe katekista au mwenyekiti wa jumuiya aje aongee naye. Kama fimbo imekuwa desturi nyumbani kwako, au inaacha alama mwilini mwa mtoto, usinyamaze kwa kulinda jina la familia: mwone ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto.

Na akikubali kwamba amekosea, asiishie kumpa mtoto soda. Mtoto alichekwa na jumuiya nzima. Baba yake amwombe radhi kwanza wakiwa wawili, kisha jumuiya itakapokutana tena aseme mbele ya watu walewale kwamba sala ya binti yake ilikuwa sala ya kweli.