HITA YA VIFARANGA IKIKATAA KUWAKA

Somo kwa vikundi vya kujisaidia vinavyofuga kuku



Somo letu la leo ni juu ya hita ya gesi ya kulelea vifaranga. Vikundi kadhaa tunavyotembelea vimeacha jiko la makaa na kununua hita, na ni jambo zuri. Lakini hita ina tabia zake. Asiyezijua atapoteza vifaranga, na pengine atapoteza mtu.

Tuanze na yaliyotupata. Mwezi wa Julai 2023, kikundi kimoja cha akina mama upande wa juu wa Embu kilileta vifaranga 300 kwa pesa za mkopo. Kila mmoja alikuwa ametia sahihi. Hita ilikuwa ile ya kuning'inia, isiyo na feni. Usiku wa tatu ikaanza kuzima. Wanawasha, wanaachilia kitufe, inazima. Kijana mmoja akasema, "Mama, hii ni kitu kidogo," akakifunga kitufe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili kibaki kimebonyea. Hita ikawaka, watu wakaenda kulala.

Saa kumi za usiku mama mwekahazina akaja kuangalia, stima imepotea, koroboi mkononi. Kabla hajafika mlangoni harufu ya gesi ikampiga. Akarudi nyuma, akaizima koroboi mbali, akazunguka nyuma ya nyumba na kufunga mtungi. Moto ulikuwa umezimika usiku na gesi ikaendelea kutoka. Vifaranga 84 walikufa kwa baridi. Huyo mama angepiga hatua kumi zaidi na koroboi yake, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Tulipokaa na kikundi kutafuta kosa, tuliona kwamba sisi pia tulikosa. Tuliwafundisha namna ya kuwasha. Hatukuwafundisha la kufanya hita ikikataa. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. HITA INAFANYAJE KAZI?

Gesi hutoka kwenye mtungi, hupita kwenye regulata inayopunguza nguvu yake, halafu kwenye paipu, mpaka tundu dogo sana linaloitwa nozo. Hapo huchanganyika na hewa na kuwaka.

Hita nyingi zina moto mdogo wa kuanzia, ambao mafundi huuita pailoti. Karibu na moto huo kuna kijiti cha chuma, thamokapo. Kijiti hiki kikipata moto hutoa umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaoushikilia mlango wa gesi ubaki wazi. Moto ukizimika, kijiti kinapoa, umeme unaisha, mlango unajifunga. Thamokapo ni askari wa usiku. Kufunga kitufe kwa mpira ni kumfunga askari kamba halafu kwenda kulala.

2. KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hailei juu kama moshi, hushuka sakafuni na kujaa kwenye maranda na pembeni mwa nyumba. Ukisikia harufu yake:

a) Funga mtungi. (Mtungi ukae nje ya nyumba, umesimama wima, mahali penye kivuli.)
b) Fungua milango na madirisha, na watu wote watoke.
c) Usiguse swichi ya stima, si kuwasha wala kuzima. Kiberiti, koroboi na simu vibaki mbali.
d) Ngojeni mpaka harufu iishe kabisa.
e) Tafuteni mahali panapovuja kwa povu la sabuni. Pakaza kwenye viungo vya regulata na paipu. Panapotoa mapovu ndipo penye shida. Kamwe msitafute kwa kiberiti.

Paipu iwe ile ya gesi, siyo ya kumwagilia maji shambani, na ikazwe kwa klipu. Ikunje kwa mkono. Ukiona nyufa, itupe.

3. HITA HAIWAKI KABISA

Fuateni utaratibu huu, msiruke hatua.

Je, gesi ipo? Kutikisa mtungi si kipimo. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Upimeni kwenye mizani na kutoa uzito huo. Kinachobaki ndicho gesi.

Je, mtungi umebadilishwa sasa hivi? Basi paipu ina hewa. Shikilia kitufe muda mrefu kidogo mpaka gesi ifike.

Je, mtungi umetoa jasho au barafu kwa nje? Hapa watu wa Kibirichia, Timau na Kianjokoma wasikilize sana. Gesi ndani ya mtungi ni maji, na hayo maji lazima yageuke mvuke ndipo yatoke. Hita kubwa ikivuta kutoka mtungi mdogo wa kilo 6 usiku wa baridi, mtungi unapoa kuliko unavyoweza kutoa mvuke. Moto unadhoofika na hata kuzima, na asubuhi mnakuta gesi ingali imo ndani. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi, au mitungi miwili iliyounganishwa na fundi. Msiupashe mtungi moto, wala msiulaze chini.

Je, cheche zinatoka? Bonyeza kitufe cha cheche ukiangalia gizani, mtungi ukiwa umefungwa. Kama hakuna cheche, angalia waya wake kama umechomoka, na ile kauri nyeupe kama imepasuka, ina unyevu au ina masizi. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Ikiwa kitabu cha hita kinaruhusu kuwasha kwa kiberiti, tumia njiti ndefu, na kumbuka: kiberiti kwanza, gesi baadaye. Anayefungua gesi halafu aanze kutafuta kiberiti mfukoni anajitafutia makuu.

Ikikataa, funga gesi, ngoja dakika tano, pitisha hewa, ndipo ujaribu tena. Hapa haraka haraka haina baraka hata kidogo.

Je, nozo imeziba? Buibui hupenda sana kujenga ndani ya hita iliyokaa stoo tangu msimu uliopita. Vumbi la maranda na manyoya ya vifaranga pia huziba. Safisheni kwa brashi laini na kwa kupuliza. Msichokoe tundu kwa sindano au waya. Mkilipanua, gesi itatoka nyingi kupita kipimo na moto utakuwa mbaya siku zote.

4. INAWAKA, LAKINI UKIACHILIA KITUFE INAZIMA

Hii ndiyo shida iliyowapata wale akina mama. Sababu zake ni chache.

- Hukungoja. Shikilia kitufe kama nusu dakika mpaka thamokapo ipate moto.
- Ncha ya thamokapo ina masizi. Ipanguse ikiwa baridi.
- Ncha haiguswi na moto. Imepinda au imesukumwa kando. Irudishwe mahali pake.
- Nati yake kwenye mlango wa gesi imelegea. Ikazwe kwa mkono na kuongezwa kidogo tu kwa spana.
- Imechoka. Fundi aweke nyingine.
- Nyumba haina hewa. Katika hita zingine, hewa safi ikipungua moto wa pailoti huinuka na kuacha kuigusa thamokapo, na hita hujizima.

Sababu hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoikuta. Kwa kuogopa baridi, walikuwa wameziba nyumba yote kwa karatasi za nailoni, mpaka kule juu chini ya mabati. Hita haikuwa imeharibika. Ilikuwa inasema, "Hakuna hewa humu," na sisi tukaifunga mdomo.

5. HITA YENYE FENI

Vikundi vichache vina hita ya feni, ambayo husukuma hewa moto nyumba nzima. Hii inataka gesi na stima pamoja. Kwa kawaida feni huanza kuzunguka, halafu cheche, halafu moto. Kwa hivyo angalieni imekwama hatua gani.

Feni haizunguki, wala haitoi sauti. Anzeni na vitu vidogo: plagi, soketi, fyuzi, swichi. Taa ikiwaka kwenye soketi hiyo, shida iko kwenye hita.

Feni inanguruma lakini haizunguki. Zima, chomoa plagi, funga gesi, ngoja ipoe. Zungusha mapanga kwa kijiti. Yakiwa mazito, yamekwama kwa manyoya na vumbi au beringi zimekufa. Yakizunguka kwa urahisi, yaelekea kapasita ya mota imechoka. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima, kwa maana kapasita hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa.

Feni inazunguka polepole. Mara nyingi ni stima dhaifu ya jioni, au waya wa ekstensheni mrefu na mwembamba uliovutwa kutoka nyumba ya jirani. Feni ikiwa goigoi, joto halisukumwi, hurundikana ndani.

Inawaka dakika chache halafu moto unazima na feni inaendelea. Ndani kuna swichi ya usalama inayokata gesi joto likizidi. Angalieni mdomo wa kuvutia hewa: umezibwa na vumbi, gunia, au ukuta ulio karibu mno? Safisheni. Msiiondoe swichi hiyo wala kuunganisha waya zake moja kwa moja. Ni ndugu yake thamokapo.

Wakati wa kuzima, fungeni gesi kwanza na mwache feni izunguke dakika chache ili hita ipoe.

6. RANGI YA MOTO, HEWA NA WATU

Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi, hewa haitoshi au kichomeo ni kichafu. Moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, na anayelala humo huenda asiamke. Jiko la makaa nalo hutoa sumu hiyohiyo, tena nyingi.

Kwa hivyo acheni nafasi ya hewa juu, karibu na paa, usiku na mchana. Na mlinzi asilale ndani ya nyumba ya vifaranga, hata kama kuna baridi namna gani. Tumewahi kusikia mzee akimwambia mjukuu wake, "Lala huko ndani, kuna joto." Wazee wetu, tafadhali, hapana.

7. VIFARANGA WENYEWE HUSEMA

Wiki ya kwanza wanataka joto la kama digrii 33 mpaka 35 pale chini walipo, halafu mpunguze digrii mbili au tatu kila wiki. Pimeni kwa kipimajoto kwenye kimo cha kifaranga, siyo kile cha mtu. Wakisongamana chini ya hita wakilia, wana baridi. Wakikimbilia kando wakitanua mabawa na kuhema, wamezidiwa na joto. Wakisambaa wakila na kunywa, mko sawa. Watu wa Ishiara na Siakago huenda wakaifunga hita mchana. Wa Githongo mwezi wa Julai wasithubutu.

Washeni hita siku moja kabla vifaranga hawajafika. Ikiwa ina ubaya wowote, utajulikana wakati boksi zingali kwa muuzaji.

Na wekeni mpango wa pili. Stima ikipotea au hita ikigoma usiku, punguzeni duara la vifaranga, jazeni jerikeni maji ya moto, zifungeni kwa gunia na kuziweka katikati yao. Badilisheni maji kila yanapopoa. Ni kazi ya kukesha, lakini hufikisha vifaranga asubuhi bila kumfunga askari kamba.

8. MTUNGI UNATOKA WAPI?

Wengi tunakumbuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka Embakasi, Nairobi, mahali palipokuwa pakijazwa mitungi bila kibali. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mtungi wa bei ya chini sana uliojazwa nyuma ya duka ni hatari kwako, na ni hatari kwa yule anayeujaza. Angalieni sili na upimeni kwenye mizani mbele ya muuzaji.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu ni watu wangapi wanaojua kufunga mtungi gizani? Wengine watajifunza lini?
2. Nyumba yetu ya vifaranga ina nafasi ya hewa juu? Nani ataipima wiki hii?
3. Hita ikizima saa nane za usiku, nani anaitwa, na jerikeni ziko wapi?
4. Kuna kitu chochote tulichokifunga, kukiziba au kukiunganisha ili "kisitusumbue"?

Kazi ya nyumbani: nakilini hatua tano za sehemu ya pili kwa maandishi makubwa, mkazibandike mlangoni kwa nje, siyo ndani.

Wale akina mama walilipa mkopo wao, ingawa kwa kuchelewa. Hita ni ileile. Walifungua nafasi ya hewa chini ya mabati, wakasafisha thamokapo, na haijazima tena bila sababu. Kile kipande cha mpira wamekitundika kwenye msumari karibu na mlango, na kila mwanachama mpya huonyeshwa na kuelezwa habari yake.