Neno "ignominy": aibu anayovikwa mtu mbele ya watu



Katika somo hili tunatazama neno moja tu la Kiingereza. Wengine watajiuliza: sisi watu wa Uvira tunaongea Kiswahili, Kifuliiru, Kivira, Kibembe na Kinyamulenge, na shuleni tunasoma Kifaransa. Kiingereza kinatuhusu nini? Kinatuhusu kwa sababu wageni wengi wanaokuja kutusaidia wanaandika ripoti zao kwa Kiingereza, na maisha yetu yanaingia katika ripoti hizo. Tena neno hili lilishatuletea matata hapa hapa Mulongwe.

Mnakumbuka mafuriko ya Aprili 2020. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake ukaingia majumbani. Makumi ya watu walikufa, nyumba nyingi sana zikabomoka, na familia zikaenda kulala katika madarasa na makanisa. Baadaye mwaka ule tulikaa katika mkutano na baadhi ya familia hizo, na mgeni mmoja akapewa nafasi ya kusema. Alitaka kuonyesha kwamba amefahamu mateso yao: mtu kulala chumba kimoja na wakwe zake, mama kungoja giza ndipo aoge, mzee kupanga mstari wa unga mbele ya majirani waliokuwa wakimheshimu. Mambo hayo yote aliyaita "ignominy". Alikuwa anawahurumia kweli. Lakini mkalimani wetu, kijana mwenye moyo mzuri, akatafsiri hivi: "Mgeni anasema anaona aibu yenu."

Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akasimama, akauliza: "Aibu yetu ni ipi? Tumeiba? Ni maji ndiyo yalitufukuza."

Ilichukua muda mrefu mkutano ule kutulia. Kosa halikuwa la kijana peke yake. Sisi tuliomwita tulikuwa hatujawahi kukaa naye kuyazungumzia maneno ya namna hiyo. Ndiyo maana tulianza kulichunguza neno lenyewe, na tuliyoyaona tunawaletea hapa.

"Ignominy" hutamkwa karibu na "ígnomini", uzito ukiwekwa mwanzoni. Limetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, likapitia Kifaransa. Lina vipande viwili. Cha kwanza kinakana, kama sisi tunavyosema "bila". Cha pili ni "jina". Kwa hiyo katika mzizi wake neno hili linasema habari ya mtu aliyeachwa bila jina, yaani amenyang'anywa jina jema alilokuwa nalo.

Kwa Warumi hilo halikuwa jambo la maneno matupu. Walikuwa na maofisa wawili wakubwa ambao kazi yao ilikuwa kuhesabu raia na kuandika orodha yao. Wakimwona mtu ametenda mabaya, waliweka alama kando ya jina lake katika orodha, na mtu huyo akashushwa cheo watu wote wakijua. Kuaibishwa huko waliita "ignominia". Askari aliyefukuzwa jeshini kwa kosa, naye alifukuzwa kwa "ignominia". Kuna jambo moja lilitushangaza, nasi tunaomba mlishike maana tutalirudia: maofisa waliofuata baada ya wale waliweza kuifuta alama hiyo. Mkono wa mtu uliiandika, na mkono wa mtu uliweza kuiondoa.

Leo Waingereza hawana tena orodha ile, lakini maana imebaki karibu pale pale. Neno linataja hali ya mtu aliyeshushwa mbele ya watu wengi, hasa mtu aliyekuwa na heshima kwanza. Si neno la sokoni. Utalikuta zaidi katika magazeti na vitabu, na ukilisikia mkutanoni ujue msemaji amekusudia jambo zito. Wanalitumia kwa timu kubwa iliyofungwa nyumbani na timu ndogo, au kwa waziri anayetolewa ofisini na polisi. Wazee wetu watafahamu mfano huu: Mobutu, ambaye mwaka 1972 aliwaamuru wananchi waache majina yao ya Kikristo, alikimbia Kinshasa Mei 1997, akafa Rabat nchini Morocco Septemba ya mwaka huo huo, na nchi ikaacha jina la Zaire alilokuwa ameipa. Mwisho wa namna hiyo Kiingereza kinauita "ignominious", ambayo ni sifa iliyozaliwa na neno letu.

Kwa ninyi mliosoma Kifaransa, jihadharini kidogo. Kifaransa kina "ignominie", lakini mara nyingi Wafaransa wanaliambia tendo lenyewe lililo baya, kama mtu akisema kwamba kuwaua watu wasio na silaha ni "ignominie". Kiingereza hulitumia zaidi kwa hali ya mtu aliyeangukiwa na aibu. Mkalimani akichanganya hayo mawili, aliyeonewa atafanana na aliyeonea.

Na wale wanaosoma Biblia katika ile tafsiri ya zamani ya Kiingereza, ya mwaka 1611, watalikuta neno hili katika Mithali 18:3. Pale linatajwa kama kitu kinachokuja pamoja na mtu mwovu, wala si pamoja na mtu aliyeonewa.

Sasa turudi kwa mkalimani wetu. Angesema nini? Kiswahili si maskini. Kina "aibu", ambalo ndani yake mna wazo la kasoro: ukisema "aibu yako", msikilizaji anatafuta kosa ulilofanya. Kina "haya", na sisi wa huku tunasema "nasikia haya", yaani moyo wenyewe unajizuia. Hiyo ni tabia njema, na mtoto asiye na haya anawasumbua wazazi wake. Kina "fedheha", neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kufunuliwa mbele ya watu. Tena kina "kuumbua". Tazameni neno hili. Kama "kufungua" kunavyotengua "kufunga", ndivyo "kuumbua" kunavyotengua "kuumba". Anayemwumbua mwenzake ni kama anamharibia umbo alilopewa na Mungu. Kwa maoni yetu hilo ndilo linalolikaribia neno la Kiingereza kuliko yote, hata kama Warumi walikuwa wanafikiria jina nasi tunafikiria umbo.

Zaidi ya hayo, Kiswahili kinatuwezesha kuonyesha tendo na mtendaji. Tunaweza kusema "amefedheheka", na tunaweza kusema "amefedheheshwa". Hili la pili linauliza mara moja: na nani? Kijana angesema, "Mgeni anaona jinsi mlivyovunjiwa heshima", yule mzee asingesimama. Mtu anaweza kufedheheshwa na asiwe na aibu hata moja.

Kuna watu wanaofikiri kwamba haya ni mambo ya walimu wa lugha. Twendeni basi Fizi, kusini mwa Uvira kwenye pwani yetu hii ya ziwa. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2011, askari wa jeshi la serikali walivamia mji wa Fizi, wakapiga watu, wakapora, wakabaka wanawake wengi. Februari ya mwaka huo korti ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka kusikiliza kesi hiyo. Wanawake zaidi ya arobaini walitoa ushahidi, wakiwa wamefunikwa ili wasitambuliwe. Tarehe 21 Februari korti ilimhukumu luteni kanali Kibibi Mutware miaka 20 ya kifungo kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Yeye alikana. Maofisa wengine watatu walipewa miaka hiyo hiyo. Alipokuwa anapelekwa gerezani, watu walimzomea.

Fikirini habari hii pamoja na lile neno. Wanawake wale majina yao yalifichwa, lakini hawakunyang'anywa. Yalifichwa kwa kuwalinda, na wao wenyewe walijua ni kina nani na wamekuja kufanya nini. Aliyepoteza jina lake siku ile ni mwenye cheo, ingawa lilisomwa kwa sauti na kuandikwa kila mahali. Alama iliwekwa kando ya jina linalostahili.

Lakini hukumu ya korti haifiki kila mlangoni. Katika Kivu Kusini wanawake wengi waliobakwa walifukuzwa na waume zao, au wakwe wakakataa kula chakula walichopika. Watoto waliozaliwa baada ya mambo hayo wengine huitwa kwa kundi la waliomtesa mama yao, "mtoto wa Interahamwe", mpaka majina yao wenyewe yanasahauliwa. Hapo "bila jina" si habari ya Warumi tena. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, ya Daktari Denis Mukwege aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, haikuishia kwenye upasuaji: iliongeza msaada wa moyo, wa sheria na wa kujitafutia riziki, kwa sababu mwili ukipona bado mama anarudi kwa majirani wale wale.

Mwaka 2024 huko Ufaransa mama mmoja, Gisèle Pelicot, aliomba kesi ya watu waliombaka isikilizwe wazi na jina lake litajwe, kwa kuwa, alisema, aibu inapaswa kuhamia upande wa waliotenda. Mume wake wa zamani alihukumiwa miaka 20. Tunamheshimu sana mama huyo. Hata hivyo hatuwaambii kina mama wa hapa wafanye kama yeye. Yeye alikuwa na polisi mlangoni. Hapa mwenye bunduki anaweza kuwa anakaa avenyu ya pili. Kila mama na aamue mwenyewe, na asiharakishwe na kiongozi wala na mgeni mwenye kamera.

Viongozi, tunawageukia ninyi, kwa sababu orodha ziko mikononi mwenu. Ni ninyi mnaoandika majina ya familia za kupewa maturubai, sabuni na unga. Tumeona mahali fulani mtu akisimama na kipaza sauti kuita, "Wale waliobakwa wapite huku, wenye ukimwi wakae kule." Hakukusudia ubaya. Alitaka kazi iende haraka. Lakini aliweka alama kando ya majina mbele ya kambi nzima, na jioni yake watoto walikuwa wanaimba majina hayo kisimani. Msaada uleule ungeweza kupita kwa muuguzi, au kwa mama mzee anayeaminiwa, nyumba kwa nyumba, siku moja na vitu vya wengine wote. Na pale alama imeshawekwa, kiongozi ana uwezo kama wa wale maofisa waliofuata. Tumewahi kumwona shefu mmoja wa avenyu ambaye, mama aliyefukuzwa aliporudi, alikwenda kwake na wazee wawili, akaketi, akaomba chakula, akala mbele ya watu. Hakuhubiri. Baada ya wiki wanawake wenzake walianza tena kumpitia asubuhi wakienda kuchota maji.

Kwa mazungumzo ya vikundi, kina mama na kina baba wakae mbali mbali kwanza, kisha pamoja:

Katika lugha ya nyumbani kwenu, ni neno gani linalotaja aibu ya mtu aliyekosa, na ni lipi linalotaja aibu ya mtu aliyeonewa? Kama ni neno moja tu, mnatofautisha namna gani?

Tangu mlipohama, ni jina gani watu wa hapa wanawaita ambalo hamkuwa nalo kwenu? Nani alianza kulitumia?

Kambini au mtaani kwenu, orodha za msaada husomwa wapi, na nani anazisikia?

Mkalimani na asimame mbele. Mtu mmoja ajifanye mgeni, aeleze kwa huruma maisha ya familia inayolala darasani. Mkalimani atafsiri bila kutumia neno "aibu" hata mara moja, na wazee waseme kama wameheshimiwa.