Nguo za mgodini: maji kwanza, sabuni baadaye

Anayerudi Likasi jioni kutoka machimbo ya Kambove au viwanda vya Shituru huja na vumbi lililojaa kwenye mishono, mifukoni na katika upindo wa suruali. Wakati wa kiangazi huwa laini kama unga. Wengi huikung'uta nguo mlangoni, kisha huitia beseni moja na nguo za nyumba nzima. Mimi nasema nguo ya mgodini isikung'utwe kamwe ikiwa kavu. Chembe nzito huanguka chini, lakini zile ndogo hupaa, na ndizo zinazofika mapafuni au kutua kwenye sufuria na godoro la mtoto.

Hofu hii ina sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako kobalti ilichimbwa hadi kati ya nyumba za watu, ulikuta watoto wa hapo wana kobalti kwenye mkojo takriban mara 10 zaidi ya watoto wa kwingine. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa Lubumbashi, ulionyesha kwamba kasoro za kuzaliwa zilikuwa nyingi zaidi pale baba alipofanya kazi inayohusiana na madini. Haukuthibitisha kwamba nguo ndizo zilizobeba madhara, lakini kwangu inatosha kumwomba baba avue nguo za kazi kabla hajaingia ndani.

Avulie uani, azitie kwenye mfuko au ndoo yenye kifuniko, aoge mwili na nywele. Viatu vipanguswe kwa kitambaa kibichi. Kufua ni kazi yake mwenyewe. Mama mjamzito na watoto wasipewe.

Beseni la nguo za kazi liwe la peke yake. Geuza mifuko nje, kunjua mapindo, kisha izamishe nguo polepole katika maji matupu. Iache ilowe nusu saa, ikandamize bila kuisugua, mwaga maji, weka mengine. Rudia hadi maji yasiwe na tope. Sabuni ikitiwa mapema hupotelea kwenye udongo, na katika mji ambako maji hubebwa kwa bidoni ni hasara mara mbili. Kazi ya sabuni ni mafuta na jasho. Madini hayayeyuki kwa sabuni. Huondoka kwa kusuuzwa. Kwa hiyo bidoni ukibana, bana kwenye povu, usibane kwenye kusuuza.

Sasa tia sabuni, sugua mishono kwa brashi, suuza tena. Doa la kijani la malakiti hulainika kwa maji ya limau, kwa kuwa asidi huyeyusha madini hayo ya shaba. Doa jekundu la udongo wenye chuma usilitie Javel, maana hulifanya likolee. Na Javel isikutane kamwe na limau wala siki: hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Nguo iliyorukiwa na asidi ya kiwandani haingoji jioni. Ivuliwe palepale na ngozi imwagiwe maji mengi.

Nguo za aliyefika Shinkolobwe ni jambo jingine. Mgodi ule wa urani ulifungwa rasmi mwaka 2004, na vumbi lake lina mnururisho ambao kufua hakuuui. Maji huuhamisha tu. Ushauri wangu pekee ni kutokwenda.

Anika kwenye kamba, mbali na barabara ya vumbi, usitandaze kwenye majani. Kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Pasi ya makala ipite pande zote, hasa kwenye mishono. Mwenye pikipiki ya abiria naye, anayebeba wachimbaji kutwa, akivue kitambaa cha kiti chake na kukifua kwa njia hiihii. Sponji chini yake aipanguse kwa kitambaa kibichi, asiipige.

Yanabaki maji machafu. Usiyamwage kwenye tuta la lengalenga wala mfereji ambako watoto huchezea, maana metali haziozi. Chimba shimo pembeni ya lupango, mbali na kisima, uyamwage humo. Tope lililobaki chini ya beseni lifukie lingali bichi.