Vijana Wakirudi Kutoka Misheni

Andiko: Matendo 13:1–5, 13, 14:26–28, Luka 10:17–20

Mwezi ujao vijana wetu tisa wanakwenda misheni Malawi kwa siku 12. Tumechanga nauli, na kila mtu anauliza watafanya nini huko. Swali langu ni lingine: wakirudi, kundi letu la vijana litakuwaje?

Katika kanisa moja nililohudumu zamani niliona safari ya namna hii ikigawanya vijana. Waliosafiri walirudi na fulana zao na vichekesho vyao wenyewe. Ushirika wa Ijumaa ukawa ni hadithi za safari tu. Binti mmoja aliyekosa nauli aliniambia, "Pasta, ni kama Mungu alienda nao akatuacha sisi." Baada ya hapo hakuonekana kanisani miezi mitatu.

Sasa tazama Antiokia. Kanisa lilifunga na kuomba, likawawekea mikono Barnaba na Sauli, ndipo wakaenda. Waliporudi hawakujitenga na kukaa wawili. Walikusanya kanisa lote, wakasimulia yale Mungu aliyofanya, kisha wakakaa na wanafunzi muda mrefu. Safari ilikuwa ya kanisa zima. Na usimsahau Yohana Marko, aliyewaacha njiani kule Perga akarudi Yerusalemu. Hata kwetu kijana anaweza kurudi amevunjika moyo, na itabidi apokewe bila kuchekwa. Barnaba alimpokea Marko, na miaka baadaye Paulo mwenyewe alisema anamfaa kwa huduma (2 Timotheo 4:11).

Wale sabini nao walirudi na furaha kwa sababu pepo waliwatii. Yesu akaielekeza furaha yao kwa majina yao yaliyoandikwa mbinguni. Kwani jina la yule binti aliyekosa nauli liliandikwa wapi? Huko huko!

Mwaka 1957 George Verwer, mwanafunzi wa chuo Marekani, alikwenda Meksiko na wenzake wawili kugawa Injili. Huduma ya Operation Mobilisation ilianzia hapo. Lakini nyuma yake alikuwapo mama mmoja, Dorothea Clapp, aliyewaombea wanafunzi wa sekondari ya mtaani kwake miaka mingi, na ndiye aliyempelekea Verwer nakala ya Injili ya Yohana kabla hajaokoka. Mama huyo hakwenda Meksiko.

Nyinyi mnaosafiri, sisi Wakenya tunajua kupokea wageni wa misheni. Wamekuja wengi, wakapaka rangi ukuta wa Sunday school, wakapiga picha na watoto wetu, wakaenda. Tunaowakumbuka ni wale waliokula ugali na sisi na baadaye wakauliza habari zetu kwa majina. Basi huko Malawi (nao ugali wanao, wanauita nsima) msimpige mtoto wa mtu picha kabla ya kumwomba mzazi ruhusa. Mkirudi, ushuhuda utatolewa mbele ya kanisa lote, na Jumamosi inayofuata wote mtakuwa kwenye zamu ya kufagia kanisa kama kawaida.

Ijumaa hii saa kumi na moja jioni vijana wote waje, wa kwenda na wa kubaki. Kila anayesafiri atapewa wenzake wawili au watatu wanaobaki. Wataombeana kwa majina kila siku, na akirudi wao ndio watakaosikia habari kwanza, kabla hajaweka picha yoyote kwenye simu.