Winchi ya Gari Ndani ya Karakana ya Nyumbani: Soketi Ijaze, Betri Ivute

Pwani ya Lindi, kuanzia Somanga kushuka Kilwa Kivinje na Masoko hadi Mchinga, gereji nyingi ni za uani: banda la mabati, sakafu ya zege, mchanga mpaka mlangoni. Gari hufika likiwa haliwaki, na kuliingiza ndani huhitaji vijana sita na kelele nyingi. Ndiyo maana fundi akipata winchi ya volti 12 iliyotolewa mbele ya Land Cruiser, wazo la kwanza ni kuifunga sakafuni ivute yenyewe. Swali la pili ndilo gumu: ile winchi ilizoea betri na injini ya gari, ndani ya banda kuna soketi ya TANESCO tu. Itakula wapi?

Jibu ni kwamba usiipe soketi kazi ya kuvuta. Winchi hula umeme mwingi kwa muda mfupi. Soketi hutoa kidogo kwa muda mrefu. Bomba linalotoa maji kidogo kidogo hujaza pipa usiku kucha, na asubuhi unachota ndoo nzima kwa mara moja. Hapa pipa ni betri. Hatua zinazofuata ni za kuliweka pipa hilo mahali pake bila kuunguza banda.

Vitu vya kuandaa

- Winchi ya volti 12 na rimoti yake
- Betri ya gari, N100 au kubwa zaidi
- Chaja ya volti 12 ya ampea 10
- Kebo ya shaba ya milimita za mraba 35, nyekundu na nyeusi
- Lagi za shaba, fyuzi ya ampea 250 na kishikio chake, swichi kuu ya kukata betri
- Multimita, glavu za ngozi, miwani ya kinga, kabari za magurudumu
- Sahani ya chuma, bolti na zege la kushikia winchi

Hatua ya 1: Soma kibati cha winchi

Winchi nyingi za magari ya kazi huandikwa paundi 9,500, sawa na kilo 4,300 hivi. Zikivuta mzigo huo wote hunywa ampea 400 au zaidi. Zidisha kwa volti 12 upate wati 4,800. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 haifiki hata wati 3,000. 

Kuna wanaojaribu kuunga chaja moja kwa moja kwenye winchi bila betri. Winchi ikizunguka tupu tu, bila mzigo, huomba ampea 60 hadi 80. Chaja ya ampea 10 itakata, au itaungua. Wengine huitazama mashine ya kuchomelea vyuma kwa sababu ina ampea nyingi. Usithubutu: kabla haijaanza kuchomelea hutoa volti 60 hadi 80, na nyingine hutoa umeme wa kupishana. Solenoidi na mota za volti 12 hazitaponea hapo.

Hatua ya 2: Pima kazi yako halisi

Habari njema ni kwamba karakana haihitaji ampea 400. Chukua gari la kilo 2,300 linalopanda mteremko wa mlangoni unaoinuka mita 1 kwa kila mita 6. Gawanya uzito kwa 6: kilo 383. Ongeza kilo 50 hivi za ukinzani wa matairi yaliyojaa upepo kwenye zege. Jumla ni kama kilo 430, yaani sehemu moja ya kumi ya uwezo wa winchi. Kwa mzigo huo winchi ya ukubwa huu hula takriban ampea 120 na kuvuta mita 5 hadi 6 kwa dakika.

Sasa angalia betri inapoteza nini. Ampea 120 kwa dakika moja ni ampea-saa (Ah) 2. Betri ya Ah 100 haitetereki kwa hilo, na chaja ya ampea 10 huzirudisha kwa robo saa.

Hesabu hiyo huharibika gari likiwa limezama mchangani au matairi yakiwa hayana upepo. Mchanga laini unaweza kudai robo ya uzito wa gari au zaidi. Kwa hiyo kabla ya kugusa rimoti: jaza matairi, fagia mchanga, tandika mbao. Hakuna umeme wa bei nafuu kuliko huo. Mzigo ukibaki mzito, tumia kapi: kamba itoke kwenye winchi, izunguke kapi lililofungwa kwenye gari, irudi na kufungwa kwenye msingi wa winchi. Mzigo wa winchi hupungua kwa karibu nusu, na mwendo pia.

Hatua ya 3: Chagua betri

Betri ya kuwashia injini ndiyo inayofaa, kwa kuwa imeundwa kutoa umeme mwingi ghafla. N100 inatosha, N150 ya lori ni nzuri zaidi. Betri ya sola ya jeli huvumilia kutumika hadi chini, ila haipendi kukamuliwa ampea nyingi kwa mpigo. Ukitaka lithiamu, soma kwanza kiwango chake cha kutoa: nyingi za Ah 100 zina saketi ya ulinzi inayokata ukivuka ampea 100, na utabaki na gari katikati ya mlango.

Iweke ndani ya boksi la plastiki au la mbao, juu ya sakafu, mahali penye hewa. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Kona ya kuchomelea na jiwe la kunolea viwe upande wa pili wa banda. Betri ya kuongeza maji ipewe maji ya betri tu. Ya kisima cha pwani yana chumvi na huiua.

Hatua ya 4: Chaja

Kanuni ya mafundi ni sehemu moja ya kumi: betri ya Ah 100, chaja ya ampea 10. Chaja hiyo hula chini ya wati 250, pungufu kabisa ya pasi, kwa hiyo LUKU haitalia. Nunua inayojipunguza yenyewe betri ikijaa na kuendelea yenyewe umeme ukirudi baada ya kukatika. Volti za nyumbani zikiwa zinapanda na kushuka, ipitishe kwenye kifaa cha kulinda friji. Zima chaja ukutani kabla ya kuvuta, iwashe ukimaliza.

Kijijini ambako nguzo hazijafika, paneli ya sola ya wati 100 na kontrola yake hutoa ampea 5 hivi jua likiwa kali. Hiyo inatosha kwa karakana inayovuta gari moja au mawili kwa siku. Jenereta ndogo nayo inaweza kuendesha chaja, mradi ikae nje. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoweza kuua ndani ya banda.

Hatua ya 5: Kebo

Hapa ndipo fedha isibaniwe. Waya wa milimita za mraba 2.5 unaotumika kwenye soketi, ukiwa na urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, hupoteza volti zaidi ya 8 kwa ampea 200. Katika volti 12 winchi ingebakiwa na nini? Na hizo volti 8 hazipotei hewani. Zinageuka moto ndani ya waya. Kebo ya 35 kwa umbali huohuo na ampea zilezile hupoteza volti 0.6 tu. Ukivuka mita 3 kila upande, panda hadi 50.

Kebo ya mashine ya kuchomelea ni laini na hupatikana kwa wauza vifaa vya chuma. Kabla hujalipa, kwangua nyuzi chache kwa kisu. Zikiwa nyekundu hadi ndani ni shaba. Ukiona weupe chini ya rangi, ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Lagi zibanwe kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo. Kama huna, mpelekee fundi umeme wa magari ncha zote akubanie. Kisha paka grisi na uvike mpira: upepo wa bahari hupanda ndani ya kebo na kuigeuza unga wa kijani.

Hatua ya 6: Fyuzi na swichi kuu

Weka fyuzi ya ampea 250 kwenye waya chanya, isizidi sentimita 30 kutoka betrini. Si kwa ajili ya winchi peke yake: kebo ikikatwa na ukingo wa bati, betri inaweza kumwaga mamia ya ampea, na banda halisubiri zimamoto. Fyuzi hiyo pia hukuwekea mpaka. Ikikatika wakati wa kuvuta, tafuta kilichokwama. Usiweke kubwa zaidi.

Baada ya fyuzi ije swichi kuu, mahali mkono unapofika bila kuruka kamba. Funga waya chanya kwanza, hasi mwisho; ukifungua, hasi kwanza. Vua pete na saa. Kazi ikiisha swichi ikatwe, maana solenoidi iliyoganda inaweza kuizungusha winchi peke yake usiku.

Hatua ya 7: Shika winchi sakafuni

Ukuta wa tofali, wa mawe ya matumbawe au wa miti na udongo haufai. Chimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 80, ulijaze zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Hilo peke yake lina karibu tani 2. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo. Wa ufukweni una chumvi itakayokula bolti. Zamisha bolti nne ngumu za M12 zenye ncha zilizopinda, zikishika sahani ya chuma ya milimita 8. Matundu ya winchi nyingi za ukubwa huu hukaa kwa vipimo vya milimita 254 kwa 114, ila pima yako kabla zege halijamwagwa. Mwagilia wiki nzima. Uvutaji mzito usubiri siku 28.

Hatua ya 8: Jaribu, kisha vuta

1. Betri ikiwa imepumzika, multimita isome volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ichaji kwanza.
2. Zungusha winchi tupu, ndani na nje, ukisikiliza kama inakwaruza.
3. Bakiza mizunguko isiyopungua mitano kwenye ngoma. Kamba isipande tabaka juu ya tabaka bila sababu. Tabaka la juu hupunguza nguvu kwa hadi theluthi moja.
4. Tupa gunia zito juu ya waya wa chuma. Ukikatika, gunia huuangusha chini.
5. Watu wote watoke kwenye mstari wa kamba. Mwenye rimoti asimame pembeni, na msaidizi mmoja afuate gurudumu la nyuma akiwa na kabari.
6. Vuta kwa dakika moja, pumzika. Mota hizi hazina feni. Kama huwezi kuacha kiganja juu yake, iache ipoe.
7. Msaidizi mwingine asome volti za betri. Zikishuka chini ya 10.5 wakati wa kuvuta, simama.
8. Ukimaliza, kata swichi kuu na uguse kila lagi. Yenye joto haijabanwa sawasawa.

Usiitumie kunyanyua injini wala kuning'iniza kitu. Breki yake ni ya kuzuia gari ardhini, si mzigo hewani juu ya kichwa cha fundi. Kunyanyua ni kazi ya chenibloku. Na kama unavuta gari moja kwa mwezi, chenibloku hiyohiyo ikilazwa itakuvutia polepole, bila betri wala chaja.

Hatua ya 9: Kama banda lako linapokea mashua

Subiri bamvua. Katika pwani hii maji makuu hupanda zaidi ya mita 3, na yataifikisha mashua karibu na mlango bure. Winchi imalizie mita za mwisho juu ya magogo ya kuviringishia. Ukivuta wakati wa maji mafu unaibebesha betri kazi ambayo bahari ingeifanya. Kamba iliyogusa maji ya chumvi isuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, ikaushwe ndipo ikunjwe.

Utunzaji

Kila mwezi safisha vichwa vya betri kwa maji ya magadi, suuza, kausha, paka grisi. Baada ya masika fungua kifuniko cha solenoidi uangalie kutu. Chaji betri hata kama hujavuta. Betri iliyolala bila chaji huharibika haraka kuliko inayofanya kazi.

Tundika kibao ukutani, na kila ukivuta andika volti za kabla, za wakati wa kuvuta na za nusu saa baadaye. Gari la uzito uleule, mlango uleule: volti za wakati wa kuvuta zikianza kushuka mwezi hadi mwezi, pima kwanza kwenye betri, kisha kwenye winchi yenyewe. Tofauti ikiwa kubwa, tatizo ni kebo au lagi. Zikilingana, shuku betri kwanza.