Mbwa watano, mwenyewe hayupo

*Naomba ushauri. Tulihamia Ihumwa kutoka Dar es Salaam, tukajenga kabla ya kuweka uzio wa maana. Tulikuja na mbwa wawili wa ulinzi, Simba na Popi. Shemeji alipohamishwa kazi akatuachia Bosi. Popi akazaa, na watoto wawili walikosa wa kuwachukua: Jeki na Tomi. Mume wangu ni dereva, husafiri wiki nzima. Kila jioni wanapigana nikiwapa ugali. Jumapili Jeki alipenya kwenye minyaa akamng'ata mkononi mtoto wa jirani aliyekuwa anatoka dukani. Jeraha ni dogo, limeanza kukauka. Nilimpa mama yake shilingi 20,000 tukakubaliana yaishe, ila sasa haniitikii salamu. Mbwa walichanjwa tulipokuwa Dar. Mume wangu anasema akirudi Ijumaa atawapakia wote usiku akawatupe njia ya Hombolo. Watoto wanalia. Nifanye nini? N. K., Ihumwa. (Barua imefupishwa.)*

Mwanangu N., pole. Nimeona mtu anayesonga ugali wa familia, anasonga na wa mbwa, kisha analala sikio likiwa nje. Hukumficha jirani jambo, na hizo shilingi ulizitoa kwa nia njema. Mtu mwenye roho mbaya haandiki barua kama hii.

Ila umeandika mambo mawili kana kwamba ni moja. Lipo la mbwa wanaokuchosha, na lipo la mtoto aliyeng'atwa. La kwanza litasubiri. La pili halisubiri, na kwa sababu hiyo nimekutumia jibu lote kwa simu Jumatatu hii, kabla halijachapwa.

Mtoto aende hospitali leo

Kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa wa jeraha. Virusi vyake hukaa kwenye mate, huingia penye ngozi iliyochanika, kisha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa wiki chache, na mara mojamoja hufika mwaka. Muda wote huo mtoto anacheza, anakula, anakwenda shule, na jeraha limeshapona. Halafu homa inaanza, kovu linawasha, akiletewa maji koo linakaza. Akifika hapo, hakuna hospitali ya Dodoma wala ya Ulaya inayoweza kuahidi kumrudisha; karibu wote hufa. Lakini kabla ya dalili, chanjo ikitolewa kwa wakati na kwa ukamilifu, huokoa. Hili linajulikana tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mjini Paris mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi hadi utu uzima.

Unasema mbwa walichanjwa Dar. Kadi ziko wapi? Chanjo isiyo na kadi ihesabu haipo. Na zaidi ya hapo, mwanangu, soma tena barua yako mwenyewe: Jeki amezaliwa Ihumwa. Hiyo chanjo ya Dar hakuwepo kuipata.

Kwa hiyo nenda kwa jirani sasa hivi. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama limeanza kukauka. Lisipakwe tumbaku, pilipili, mafuta ya breki wala majani. Kisha mfuatane na mama yake na mtoto hospitalini. Piga simu kwanza kuuliza chanjo ipo wapi, maana si kila zahanati huwa nayo. Msipoipata karibu, nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tuliyozoea kuiita General. Waambieni wazi kwamba mbwa hana chanjo, na waulizeni na ya pepopunda. Chanjo ya kichaa haiishi kwa sindano moja. Kwa kawaida kuna kurudi baada ya siku tatu, baada ya siku saba, na pengine tena. Daktari ataandika tarehe. Nauli na gharama za siku hizo zote ni juu yenu. Zile shilingi 20,000 zilinunua ukimya, na ukimya ndio hatari kubwa kuliko zote hapa. Mama yule akiamini kwamba yameisha, hatampeleka mtoto popote.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Na wako wamo. Wakague mikono na miguu. Kama yupo aliyeng'atwa au kuparuzwa na Jeki, au aliyelambwa penye kidonda siku hizi za karibuni, naye aende.

Jeki afungwe, asiuawe

Mfunge peke yake, kwa mnyororo imara, penye kivuli, mbali na njia ya watoto. Mtu mzima mmoja ndiye ampelekee chakula na maji, kwa kusukuma chombo na fimbo. Mnamwangalia siku 10 baada ya siku aliyong'ata. Sababu ni hii: mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuonyesha ugonjwa, na akishaonyesha hadumu. Akizimaliza siku 10 akiwa mzima, basi siku ile mate yake hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Mtoto lakini asisubiri siku hizo zitimie ndipo aanze. Mambo haya mawili yaende pamoja.

Mpigie afisa mifugo wa kata aje amwone. Jeki akibadilika, akawa mkali bila sababu au mpole kupita kawaida, akidondosha mate, akishindwa kumeza, sauti ikikauka, taya ikilegea, msimguse. Akifa msimzike kabla afisa hajafika, kwa kuwa yeye ndiye anayejua sampuli ichukuliwe vipi na ipelekwe wapi. Mwambie pia Jeki alikuwa analala na nani. Wale wengine wanne nao watakuwa na hukumu yao.

Unaona sasa kwa nini safari ya Hombolo ya Ijumaa haiwezekani. Mumeo akimtupa Jeki, anatupa jibu ambalo daktari wa mtoto analihitaji.

Na wale wengine wanne?

Hao nao wasitupwe. Nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimelisikia shauri hili kwa watu wengi wema. Anayetupa mbwa porini usiku hujiambia kwamba watajitafutia. Watajitafutia wapi? Hawa wamekulia kwenye ugali wako. Wapo watakaokufa kwa kiu au kwa fisi. Wapo watakaorudi, wamekonda na wana majeraha yasiyojulikana yametoka wapi. Wapo watakaojiunga na wazururaji na kuingia kwenye zizi la mbuzi la mfugaji ambaye hajawahi kuwakosea lolote. Kichaa hukatika mahali ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa. Ninyi mtakuwa mmekiongezea kijiji cha watu mbwa wanne wasio na chanjo na wasio na wa kuwashika. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa watakula na wasio wa kwenu.

Sumu nayo isitajwe nyumbani kwako. Nyama yenye sumu huokotwa na kuku, paka, mbwa wa jirani, na mtoto anayetambaa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlinde na njaa, kiu na mateso. Kumfuga mnyama kumeshakuwa ahadi mbele ya nchi.

Walivyofika watano

Hapa ndipo nataka ukae na mumeo. Najua Ihumwa ilivyo kwa waliohamia tangu serikali ilipoanza kuja Dodoma na Mji wa Serikali kujengwa hapo Mtumba. Kiwanja kinapatikana, nyumba inasimama kwanza, ukuta unangoja hela. Usiku giza, majirani mbalimbali. Mbwa anakuwa ukuta wa bei nafuu. Silaumu hata kidogo.

Lakini tazama ulivyowaita kwenye barua yako yote. Mgeni akija ni "mbwa wa baba". Walipokuwa wadogo walikuwa "mbwa wa watoto". Bosi bado ni "wa shemeji". Jioni njaa ikiuma, wote ni wako. Majina wanayo, chakula wanacho, ila mwenyewe hayupo. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza kadi, hakuna aliyeziba tundu la minyaa, hakuna aliyemzuia Popi asizae. Kazi ya wote katika nyumba humwangukia aliyepo, naye aliyepo ni wewe, uliyechoka.

Popi hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni kama siku 63. Kwenye nyumba yenye madume, msipomfunga kizazi mtaniandikia tena mkiwa na mbwa kumi. Zungumzeni na daktari wa mifugo kuhusu Popi, na madume wahasiwe.

Kwa maoni yangu nyumba yenu inaweza mbwa wawili, Simba na Popi. Shemeji aulizwe kuhusu Bosi leo leo. Kama hamtaki, aseme. Bosi na Tomi wapewe watu mnaowajua, mliokwisha kuona wanapoishi, nao waondoke na kadi ya chanjo, siku 10 za Jeki zikiwa zimepita na afisa mifugo ameridhika. Jeki hatolewi zawadi. Mbwa aliyemng'ata mtoto asiyemchokoza huwezi kumhamishia mwenzio na watoto wake. Akivuka siku zake salama, mwulizeni daktari wa mifugo kama anafugika kwa mnyororo na uzio madhubuti. Akisema hafugiki, basi yeye daktari amlaze kwa sindano, na watoto waambiwe ukweli. Watalia. Ni afadhali walie kwa kuambiwa kuliko kuamka wakute banda tupu na baba anasema hajui.

Ugali wa jioni

Mbwa watano na beseni moja lazima wapigane. Anayekula polepole anajua hatapata, kwa hiyo anakula kwa meno. Kila mmoja awe na chombo chake, watenganishwe hata kwa kuwafunga, Simba aanze kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Watoto wako wawe ndani mpaka vyombo vitolewe. Mwaka mzima, na hasa kuanzia Septemba joto linapopanda kabla ya mvua za Desemba, maji yawepo mchana kutwa. Najua Dodoma maji ni ya mgao. Hesabu ya mbwa ianzie kwenye ndoo, kabla ya unga.

Mambo mawili ya huku kwetu ambayo wengi hawayajui. Zabibu ni sumu kwa mbwa. Msimu ukifika na watoto wanarudi na vichala, wasimrushie mbwa hata moja. Zabibu chache zaweza kuua figo zake, huanza kwa kutapika na kukataa chakula, kisha mkojo unakatika. La pili ni yale mapafu na maini ya bei rahisi ya mnadani. Yakiwa na malengelenge ya maji, mbwa akiyala mabichi hupata tegu, mayai hutoka kwenye kinyesi chake, na mtoto anayecheza mchangani huweza kuota uvimbe wa maji kwenye ini. Yachemshwe sana, na yenye malengelenge yazikwe shimo refu. Dawa ya minyoo iwe kila miezi mitatu.

Jirani haitikii salamu

Umesema pembeni tu, katika mstari mmoja, kwamba jirani yako ni Mwislamu na "hata zamani alikuwa analalamika mbwa wanaingia kwake". Mwanangu, mstari huo ungekuwa barua nzima. Kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi hii, penye mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kila mbwa wako alipopitisha pua kwenye kanga zake zilizoanikwa, mama yule alichota maji ya mgao mara saba. Alivumilia hilo. Sasa ni mtoto.

Usiende tena na pesa mkononi. Nenda na mumeo akiwepo, na kama hayupo nenda na mjumbe wa mtaa. Sema tulikosa, sema chanjo itakuwa tarehe hizi na hizi, sema tundu la minyaa limezibwa leo kwa mabati, mwonyeshe. Usimwombe aanze kuitikia salamu. Mwache aitikie akiwa tayari.

Ijumaa

Mumeo si mkatili. Ni mtu aliyeogopa akachagua njia fupi. Asikutane na kelele mlangoni. Mwambie akae, mpe karatasi yenye tarehe za sindano za mtoto na namba ya afisa mifugo, kisha mkubaliane nani kati yenu ataandikwa kwenye kadi kuwa mwenye mbwa. Jina moja, hata kama anasafiri, kwa sababu mwenye jina ndiye atakayetafuta mtu wa kushika zamu akiwa njiani. Mwambie pia kwamba Ijumaa hiyo ni siku ya tano ya Jeki, kwamba zimebaki tano, na kwamba akiwa nyumbani, maji ya jioni anampelekea yeye.